Kurejesha nyumba ya matofali ya Wakweka: mwongozo kamili, kutoka maandishi ya ukutani hadi chokaa

Mwonyeshe fundi wa siku hizi ukuta wa zamani unaomomonyoka, na dawa ya kwanza atakayokuandikia ni mfuko wa saruji. Mwongozo huu ni wa kupinga dawa hiyo, na nyumba nitakayoitumia kama mfano ni Hancock House. Iko katika kijiji cha Hancock's Bridge, kaunti ya Salem, kusini-magharibi mwa jimbo la New Jersey, Marekani. Waliijenga William na Sarah Hancock mwaka 1734. Mke na mume hawa walikuwa Wakweka, wafuasi wa dini ile ambayo huku kwetu huitwa Marafiki. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Wakweka wengi kama Kenya. Kwa hiyo msomaji wa Vihiga au Kakamega asishangae akikuta mambo ya nyumbani kwake katika habari za New Jersey.

Hatua nimeziandika kwa mpangilio wa kazi. Usiziruke. Makosa mengi ninayoyajua yalitokana na mtu kuanza hatua ya saba kabla ya kumaliza ya nne.

Hatua ya 1: Jua unarejesha nini, na cha mwaka gani

Mkweka wa Kiingereza aitwaye John Fenwick alifika kwa merikebu Griffin mwaka 1675 na kuanzisha makazi ya Salem kando ya mto Delaware. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa maana ya amani. Nyanda zile zina udongo mzuri wa mfinyanzi na wakati huo zilikuwa na misitu ya kutosha kuni, na walowezi wengi walitoka Uingereza wakiwa na mazoea ya kujenga kwa matofali. Ndani ya miaka hamsini hivi wenye mashamba waliokwisha kutulia walianza kuzibomoa au kuziacha nyumba za mbao na kujenga za matofali. Ile ya Abel na Mary Nicholson, huko Elsinboro karibu na Hancock's Bridge, ni ya 1722. Baba yake Abel alikuja katika safari hiyohiyo ya Griffin.

Nyumba hizi zinatambulika kwa ukuta wa ubavuni, ule unaopanda hadi kwenye ncha ya paa. Juu yake kuna mapambo ya matofali yaliyoiva hadi yakang'aa kwa rangi ya samawati ya kijivu: mengine ni almasi, mengine ni mistari ya kupindapinda. Pale Hancock ni mistari ya kupindapinda, na juu yake mwaka 1734 pamoja na herufi W na S za William na Sarah, na H ya ukoo. Hapo mimi hucheka kidogo. Watu waliohubiri unyofu, waliovaa nguo zisizo na madoido, waliandika majina yao ukutani kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani! Lakini angalia pia kwamba herufi ya mke imo. Wakweka waliwaruhusu wanawake kuhubiri tangu mwanzo.

Ambaye hakuandikwa ni aliyefinyanga tofali. Kazi za aina hiyo makoloni yale zilifanywa na mafundi huru, vibarua waliofungwa kwa mkataba wa miaka, na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Wakweka wa eneo la Philadelphia walikataza wanachama wao kumiliki watumwa mwaka 1776 tu, miaka 42 baada ya tarehe iliyo ukutani. Ukikagua tofali moja moja, tafuta alama za vidole zilizobaki kwenye udongo kabla haujachomwa. Zikipatikana, zipige picha kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu huenda ndiyo saini pekee ya mtu huyo.

Kisha ikaja vita. Alfajiri ya tarehe 21 Machi 1778, wakati wa Mapinduzi ya Marekani, askari wa upande wa Waingereza wapatao 300 chini ya Meja John Graves Simcoe waliizingira nyumba hii. Ndani walilala wanamgambo wa upande wa mapinduzi. Walichomwa singe, wengi wakiwa usingizini, na baadhi yao wakafa. Jaji William Hancock, mtoto wa wale waliojenga, naye alijeruhiwa akafa, ingawa alikuwa mtiifu kwa mfalme wa Uingereza. Jimbo la New Jersey liliinunua nyumba mwaka 1931 kwa dola 4,000, likaifungua kama makumbusho mwaka 1932. Mwaka 1991 ilifungwa, ikakarabatiwa, kisha ikafunguliwa tena.

Sasa swali la kazi: unairejesha nyumba ya 1734 au ya 1778? Katika miaka hiyo 44 rafu zinahamishwa, rangi zinabadilishwa, jiko linajengwa upya. Miongozo ya serikali ya Marekani inatenganisha njia nne: kuhifadhi kilichopo, kukarabati kwa matumizi mapya, kurejesha hali ya kipindi kimoja, na kujenga upya kilichopotea. Chagua moja na uiandike kwenye karatasi kabla ya kukodi kiunzi. Mimi, nyumba ikiwa na watu wa kuishi ndani, huchagua ya pili na kuacha kila kizazi kibaki na alama yake.

Hatua ya 2: Soma makaratasi

Wakweka waliandika kila kitu. Kila kikao cha mwezi kilikuwa na kitabu cha kumbukumbu: nani ameomba kuoa, nani ameonywa kwa ulevi, nani amehama. Mikusanyo mikubwa ya vitabu hivyo vya eneo la Delaware imehifadhiwa katika vyuo vya Swarthmore na Haverford, jimbo la Pennsylvania. Ongeza hati za ardhi, wosia, na zaidi ya yote orodha za mali za marehemu. Majirani waliopewa kazi hiyo walikuwa wakipita chumba kwa chumba wakihesabu vijiko na vitanda, na kwa kuwafuata utajua nyumba ilikuwa na vyumba vingapi na kila kimoja kilitumikaje.

Kuna mtego mmoja hapa, na unamnasa mzungumzaji wa Kiswahili kuliko mtu mwingine. Wakweka walikataa majina ya miezi na siku yaliyotokana na miungu ya kipagani. Wakasema Siku ya Kwanza, Mwezi wa Tatu. Sisi tunaposoma «mwezi wa tatu» tunaona Machi moja kwa moja, maana ndivyo tunavyosema sokoni. Lakini kabla ya 1752 Uingereza na makoloni yake zilianza mwaka tarehe 25 Machi, na Mwezi wa Kwanza wa Wakweka ulikuwa Machi. Kwa hiyo Mwezi wa Tatu 1734 ni Mei. Hati ya Mwezi wa Kumi na Mbili 1734, yaani Februari, kwa hesabu yetu ni ya 1735. Ukikosea hapo utamfanya mtoto azaliwe kabla ya harusi ya wazazi wake, jambo ambalo kikao cha Marafiki kisingelinyamazia.

Tafuta pia michoro ya vipimo. Mwaka 1933 serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa kuchora na kupiga picha majengo ya kale, na kazi hiyo iko Maktaba ya Bunge mjini Washington. Nyumba yako ikiwemo, umeokoa wiki kadhaa za kupima.

Hatua ya 3: Soma ukuta

Simama mbali na ukuta asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili mwanga uupige kwa ubavu. Matuta na mabonde yote yatajitokeza.

Anza na mpango wa matofali. Kwenye kuta za mbele za nyumba hizi, kila mstari una tofali lililolazwa ubavu, kisha linaloonyesha kichwa, kisha ubavu, kisha kichwa. Vichwa ndivyo vilivyong'aa. Siri yake iko tanuruni: matofali yaliyopangwa karibu na mianya ya moto yalipigwa na mvuke wa majivu ya kuni, potashi ikashikana na mchanga ulio ndani ya udongo, ikawa kama kioo. Mwashi aliyachambua hayo, akayaweka pembeni, akachora nayo. Pambo lote la ukutani limetokana na matofali ambayo mwingine angeyaona yameungua.

Mpango wa matofali unapobadilika, au mshono wima unapopanda kutoka msingi hadi paa, hapo pana nyongeza au tundu lililozibwa. Nyumba ya Nicholson iliongezewa sehemu mwaka 1859, na bahati hiyo ndiyo iliyoiokoa sehemu ya 1722: familia ilipata nafasi mpya bila kuvunja ya zamani.

Kisha gusa maungio, yaani ile mistari ya mota (mchanganyiko unaoshikanisha matofali) kati ya matofali. Mota nyeupe-krimu inayokwaruzwa kwa ukucha au msumari, yenye vipande vya kombe ndani, ni chokaa. Ya kijivu, ngumu kama jiwe, ni saruji. Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo kila mahali ilipo kwenye nyumba ya 1734 ni kiraka cha baadaye. Chora ramani ya viraka hivyo. Utaona kwamba matofali yaliyooza yamevizunguka.

Hatua ya 4: Maji kwanza, mengine baadaye

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo nusu ya kazi yote.

Ukuta wa chokaa hunywa na kutoa maji. Mvua inaingia, jua na upepo vinayatoa kupitia maungio, kwa sababu chokaa ni laini na ina vinyweleo vingi kuliko tofali. Ukiziba maungio kwa saruji, maji yaliyoingia kwenye ufa mdogo hayana mlango wa kutokea isipokuwa uso wa tofali lenyewe. New Jersey huganda majira ya baridi, na maji yakiganda hupanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Pwani ya Afrika Mashariki hakuna barafu, lakini kazi hiyohiyo inafanywa na chumvi: maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya vinyweleo na kuota fuwele, jiwe linageuka unga. Pita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu uangalie chini ya lipu ya saruji iliyobanduka. Wazee waliochoma matumbawe kupata chokaa na Wakweka waliochoma makombe ya chaza walifikia jibu moja bila kujuana.

Niliwahi kushiriki kuziba ukuta wa zamani kwa saruji nikiwa kijana, tena kwa fahari, maana ulipendeza. Baada ya misimu michache unyevu ulikuwa umepanda hadi usawa wa dirisha.

Fuata maji kutoka juu kwenda chini. Kagua paa, hasa pale bomba la moshi linapokutana nalo. Kagua gata na mabomba ya kuteremshia. Kisha nenda chini uangalie ardhi. Miaka 290 ya majani na bustani huinua kiwango cha udongo, na mara nyingi ukuta umezikwa kiasi cha kiganja au zaidi. Uondoe udongo huo taratibu (kwenye eneo la kihistoria mwite mwanaakiolojia kwanza, kwani vigae na vifungo vya nguo vimo humo), elekeza mteremko uende mbali na nyumba, na ondoa lami au zege lililogusa ukuta. Halafu subiri. Ukuta mnene unaweza kuhitaji mwaka mzima kukauka. Mteja atalalamika, mwache alalamike.

Nyufa nazo zipime kabla ya kuzijaza. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, andika tarehe. Kikivunjika, nyumba inatembea, na hapo unahitaji mhandisi. Kisipovunjika kwa mwaka, ufa ni wa zamani na umelala.

Hatua ya 5: Jua mota ya asili, kisha itengeneze

Chukua vipande vya mota kutoka sehemu tatu au nne ambazo hazijaguswa, kutoka ndani ya ukuta. Maabara huyeyusha chokaa kwa asidi na kubaki na mchanga, ili uone rangi na ukubwa wa chembe zake. Hadhari: mota ya makombe ina vipande vya kombe visivyoiva, navyo huyeyuka pamoja na chokaa. Hesabu itakuambia chokaa ilikuwa nyingi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo mwombe mpimaji akague kwanza kwa hadubini.

Mchanga ndio unaoipa mota rangi, kwa hiyo tafuta wa rangi ile, mkali wa chembe za ukubwa tofauti, uliooshwa. Wa baharini wenye chumvi usiuguse.

Kiasi cha chokaa unaweza kukijua kwa ndoo. Jaza chombo mchanga mkavu hadi ukingoni, kisha mimina maji ya kipimo mpaka yafike juu. Maji uliyotumia ni sawa na nafasi tupu kati ya chembe, na nafasi hiyo ndiyo inayotakiwa kujazwa na chokaa. Mara nyingi ni theluthi moja, ndiyo maana waashi husema moja kwa tatu. Tumia chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji, na kulowekwa muda mrefu, laini kama siagi. Mahali penye mvua nyingi, kama vile bomba la moshi, chokaa ya aina inayokaza kwa maji, yenye nguvu ndogo, inafaa. Saruji «kidogo tu ya kuongeza nguvu» usiiongeze. Mota iwe dhaifu kuliko tofali, ili kikichakaa kitu, ichakae yenyewe.

Chokaa mbichi huchemka inapokutana na maji, na ile iliyozimwa huunguza macho. Vaa miwani na glavu, weka maji safi karibu.

Hatua ya 6: Kutoa mota mbovu

Toa tu iliyolegea. Ukuta wa 1734 ukiwa na maungio mazima kwa sehemu kubwa, acha hayo mazima. Fundi anayetaka kufungua ukuta wote anatafuta malipo ya ukuta wote. Tumia tindo nyembamba kuliko ungio na nyundo ndogo. Grainda inakula kingo za matofali kwenye maungio wima, na ukingo ukishaliwa ungio linabaki pana milele. Kina kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa ungio: ungio la milimita 10 lichimbwe milimita 20 hadi 25. Viraka vya saruji vinavyong'oka na uso wa tofali viache mpaka vilegee vyenyewe.

Kuhusu usafi: maji ya presha ndogo na brashi ya nyuzi asilia, basi. Kupuliza mchanga kunaondoa ngozi ngumu ya tofali iliyotengenezwa na moto, na kwenye vichwa vinavyong'aa kunafuta pambo lote. Hakuna njia ya kulirudisha.

Hatua ya 7: Kujaza upya

Puliza vumbi, lowesha ungio mpaka linywe, lakini maji yasisimame. Mota iwe kavukavu, ikifinyangwa mkononi ishikane bila kuchafua kiganja. Sukuma ndani kwa tabaka za milimita 6 hivi, kila moja ikaze kidogo kabla ya inayofuata. Malizia usawa wa ukingo wa tofali au ndani yake kidogo, kwa umbo lilelile la zamani; nyumba nyingi za wakati ule zina mchirizi mwembamba uliochorwa katikati ya ungio, na usipouona kwenye ukuta wako usiuongeze kwa sababu umeuona kwenye picha.

Kisha kazi ya mlinzi. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na inahitaji unyevu inapofanya hivyo. Ning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta, nyunyiza kwa wiki nzima, zuia jua kali na upepo. Chini ya nyuzi 5 za joto usianze kazi, na maliza wiki kadhaa kabla ya baridi ya kuganda.

Hatua ya 8: Tofali lililokufa

Tofali lililobanduka uso wakati mwingine linaweza kutolewa, kugeuzwa, na kurudishwa likiwa na mgongo wake mzima nje. Jaribu hilo kabla ya kununua. Ukinunua ya kale, chunga: matofali ya rangi ya chungwa, mepesi, yalichomwa kidogo na yalikusudiwa sehemu ya ndani ya ukuta. Yakiwekwa nje hayamalizi misimu mingi ya baridi. Gonga kwa mwiko. Lililoiva hulia kama kengele. Kichwa kinachong'aa hakipatikani dukani. Tafuta mchomaji anayetumia kuni, mpelekee sampuli, na ukubali kwamba sehemu kubwa ya tanuru haitakufaa.

Hatua ya 9: Mbao, vioo na rangi

Hapa nitapita haraka. Ncha ya boriti ikioza ndani ya ukuta, kata iliyooza tu na uunge mbao ya aina ileile. Madirisha ya zamani yatengenezwe. Vioo vyenye mawimbi vitunzwe hata vikiwa na mapovu. Rangi ya nyumba za Marekani zilizopakwa kabla ya 1978 ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi mpaka ipimwe, na isipigwe msasa mkavu, hasa penye watoto. Kabla ya kuibandua, kata kipande kidogo chenye tabaka zote na kitazame kwa hadubini. Tabaka la chini kabisa ndilo walilolijua William na Sarah.

Hatua ya 10: Acha kumbukumbu

Piga picha kila ukuta kabla, wakati na baada ya kazi. Weka kwenye jalada aina ya chokaa, mchanga ulikotoka, vipimo, na kila tofali lililobadilishwa kwenye mchoro. Na kabla ya kulilaza tofali jipya, andika mwaka wa kazi yako kwa msumari kwenye uso wake utakaofichwa ndani ya ukuta. Wenye nyumba walishaandika wao upande wa barabarani.